Tufundishe kasia kama chandimu, siyo kama adhabu

KUTOKA Uwanja wa CCM Kirumba hadi Mwaloni ni mwendo mfupi wa miguu. Uwanjani tunakwenda kuangalia chenga, tobo na kanzu. Mwaloni tunakwenda kununua dagaa, sato na sangara. Sehemu zote mbili zina vijana wenye vifua vya maana na mapafu ya mbwa. Tofauti ni moja tu: wa kule tunawaita wachezaji na tunawalipia kiingilio, wa huku hatuwaiti chochote zaidi ya wavuvi.

Leo naomba wasomaji wa ukurasa huu mnivumilie. Mkate wangu ni soka, na wiki ijayo nitarudi kwenye Pamba Jiji kama kawaida. Lakini mwandishi wa michezo wa Mwanza anayemaliza mwaka mzima bila kuligusa ziwa ni sawa na mchambuzi wa Manzese asiyejua ndondo. Tuna uwanja wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, takriban nusu yake uko Tanzania, na hauhitaji mtu wa kumwagilia nyasi.

Hoja yangu ni hii: kasia tunalifundisha kama adhabu wakati lilitakiwa lifundishwe kama chandimu. Matokeo yake tunao watu wengi wenye nguvu za kuvuka maji, na wachache mno wenye ufundi wa kucheza nayo. Na ziwa hili halijawahi kumheshimu mtu kwa sababu ya misuli.

Fainali bila chandimu

Wanaokumbuka mashindano ya mitumbwi ya Balimi watanielewa. Yalikuwa yanaanzia huko Kagera, Mara, Ukerewe na kwingineko, halafu fainali zinapigwa hapa hapa Mwaloni Kirumba. Kulikuwa na timu za wanaume na timu za wanawake. Makasia yanaingia majini kwa pamoja, yanatoka kwa pamoja, na umati ufukweni unapiga kelele utadhani ni Pamba na Toto Africans wanagombea pointi tatu.

Yalikuwa mashindano mazuri na sina ugomvi nayo. Ila angalieni yalivyokaa. Filimbi inalia, watu wanavuta kwa nguvu zote, wanageuka, wanarudi, wa kwanza anapewa zawadi, wote wanarudi kwenye nyavu zao. Chini ya fainali ile hapakuwa na kitu. Hapakuwa na timu za watoto, hapakuwa na ligi ya mtaa, hapakuwa na kocha anayemwambia binti wa miaka 12 kwamba mkono wake wa juu umelegea.

Hakuna nchi iliyowahi kupata winga mzuri kwa kuandaa fainali moja kwa mwaka. Winga anatengenezwa uchochoroni, kwenye mpira wa makaratasi na matambara, mahali ambapo ukipigwa tobo unachekwa na kesho unarudi umejifunza. Chenga haifundishwi na njaa, inafundishwa na mchezo. Sasa kasia letu halina uchochoro. Mtoto wa kisiwani analishika siku ambayo baba au kaka anahitaji mtu wa kusaidia, na tangu siku hiyo anajua jambo moja tu: tufike.

Anayejifunza kufika tu anajifunza njia moja. Siku njia hiyo ikifungwa na upepo, hana nyingine mfukoni.

Wanachokijua watu wa ubao

Kuna mchezo unaitwa sefingi, ule wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Asili yake ni visiwa vya Pasifiki, na mtu aliyeutangaza duniani ni Duke Kahanamoku wa Hawaii, ambaye pia alichukua dhahabu ya kuogelea mita 100 kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Mchezo wenyewe uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, na mwaka 2024, wakati Paris wakiandaa michezo, sefingi ilipelekwa Teahupo'o, Tahiti, mbali kabisa na Ufaransa, kwa sababu wimbi zuri haliletwi mjini.

Televisheni inatuonyesha yule jamaa aliyesimama juu ya wimbi. Haituonyeshi alivyofika pale. Ukweli ni kwamba mtu wa ubao anatumia muda mwingi zaidi akiwa amelala kifudifudi, anapiga maji kwa mikono kwenda kulifuata wimbi, kuliko muda anaosimama. Kusimama ni sekunde. Kwenda ndiyo kazi.

Sisi watu wa soka hili tunalijua. Ndani ya dakika 90 mchezaji anakaa na mpira dakika chache tu. Muda wote uliobaki anakimbia bila mpira, anatafuta nafasi, anasoma mwenzake anataka nini. Kocha mzuri anaangalia pale, siyo kwenye danadana. Mchezaji anayezubaa mpaka mpira umfikie hana maisha marefu kwenye timu.

Basi mabingwa wa ubao wanafanya hivyo hivyo. Safari ya kwenda wanaigeuza mchezo. Wanatafuta sehemu moja ya kulala kwenye ubao ambayo ukirudi nyuma kidogo pua inanyanyuka na ubao unasukuma maji, ukienda mbele kidogo pua inazama. Wanauingiza mkono polepole bila kurusha maji, kwa sababu maji yanayoruka ni nguvu iliyopotea. Wimbi likija wanauzamisha ubao chini yake na kutokea upande wa pili, au kama ubao ni mrefu wanajipindua nao, wao chini, ubao juu, wimbi lipite. Wanatafuta mkondo unaorudi baharini na kuupanda kama daladala badala ya kupigana na mawimbi uso kwa uso.

Na wana adabu. Anayekwenda hamkatizi anayekuja na wimbi, anazunguka. Na hauachii ubao wako hovyo, maana nyuma yako kuna mtu na kichwa chake. Mchezo wenye sheria kama hizo umeshakua.

Mlango wa ziwa letu

Mtaniuliza, sefingi na Mwanza wapi na wapi? Ziwa Victoria halina mawimbi ya Tahiti, kweli. Lakini aliyewahi kutoa mtumbwi Igombe au Luchelele upepo wa mchana ukiwa umesimama, anajua kwamba mawimbi ya ziwa ni mafupi, yanafuatana kwa haraka, na hayakupi nafasi ya kupumua kama ya bahari. Usiku na alfajiri upepo mara nyingi unatoka nchi kavu na maji ya ufukweni yanatulia. Mchana unageuka na kuyasukuma maji nchi kavu. Hapo ndipo kuingia ziwani kunakuwa mtihani.

Na mtihani huo una majibu. Kwanza, hauingii kwa hasira. Unasimama, unahesabu, unayaacha makubwa yapite, unaingia kwenye mwanya. Pili, pua ya mtumbwi inalitazama wimbi. Ukilipa wimbi ubavu, umeliandikia hati ya kukupindua. Tatu, hauachi kupiga kasia wimbi linapofika. Woga unamfanya mtu anyanyue kasia na kushika ukingo wa mtumbwi, na hapo ndipo mtumbwi unapopoteza mwendo na kugeuzwa. Kasia likiwa ndani ya maji ni mguu wa ziada.

Nne, nguvu haitoki mkononi. Inatoka kiunoni na mgongoni, miguu ikiwa imejikaza. Kasia linazama lote kwanza, ndipo unavuta, na linatoka likifika usawa wa nyonga. Ukivuta mpaka nyuma kabisa unanyanyua maji, hausogezi mtumbwi. Tano, aliyekaa nyuma ndiye kiungo mchezeshaji. Yeye hapigi ili kwenda tu, anapiga ili kuongoza. Kosa lake moja linafuta kazi ya watu wote walio mbele.

Wavuvi wazoefu wa Ukerewe na Sengerema wanayajua haya yote kuliko mimi. Shida ni kwamba wameyajua kwa gharama kubwa, na hakuna mahali wanapoyapitisha kwa vijana isipokuwa kazini, usiku, mzigo ukiwa ndani. Ni sawa na kumfundisha kipa kudaka penalti siku ya fainali.

Michezo inayowezekana kesho

Nisiishie kulalamika. Vifaa ni mitumbwi miwili, makasia, madumu matupu yaliyofungwa kwa kamba na mawe, na jaketi okozi kwa kila anayekanyaga maji. Hii hapa michezo ambayo kocha yeyote mwenye akili anaweza kuianzisha kwenye maji mafupi, bila kusubiri mfadhili.

Wa kwanza ni makasia machache. Mnatoka dumu hadi dumu, mshindi siyo aliyewahi bali aliyefika kwa kupiga kasia mara chache zaidi. Mchezo huu unaua tabia ya kupiga maji hovyo. Kijana anajikuta anatafuta pigo refu na safi bila kuambiwa.

Wa pili ni kasia kimya. Anayesikika akirusha maji anarudi nyuma. Watoto wanaupenda kwa sababu unafanana na kunyatia, na unawafundisha kuingiza kasia bila kelele.

Wa tatu ni chenga za madumu. Madumu manane kwa mstari, unapita katikati yake kushoto na kulia, halafu unarudi kinyumenyume. Aliyekaa nyuma anajifunza kuongoza, na aliyekaa mbele anajifunza kumwamini.

Wa nne ni pindua na rudisha. Mtumbwi mdogo unapinduliwa kusudi, wote mnaushikilia, mnaugeuza, mnachota maji, mnapanda na kuondoka. Mnapimwa kwa muda. Mchezo huu peke yake unastahili kuwekwa kwenye kila shule ya ufukweni, maana anayepinduka kwa mara ya kwanza katikati ya ziwa anafanya kosa la kuuacha mtumbwi na kuogelea kuifuata nchi kavu anayoiona karibu.

Wa tano ni wetu sisi wa mpira. Duniani kuna mchezo wa polo ya kayaki: watu watano kila upande, mpira, na goli lililoninginizwa mita mbili juu ya maji. Pasi, kukaba, kushambulia, vyote vipo. Nani atasema vijana wa Kirumba hawatajaza ufukwe kuangalia mechi ya namna hiyo?

Majirani wameshaamka

Upande wa pili wa ziwa hili hili, Jinja nchini Uganda, ndipo Nile inapotokea. Mto ule ulikuwa na maporomoko maarufu ya Bujagali kabla ya bwawa la umeme kukamilika mwaka 2012. Wageni walikuja na kayaki, vijana wa vijijini wakazipanda, na leo wapo Waganda wanaocheza staili huru: wanaliingia wimbi, wanazungusha kayaki, wanairusha hewani, wanatua, wanacheka. Wengine wamefika mashindano ya dunia. Mabwawa yamemeza sehemu ya mawimbi yao, na bado wanatafuta yaliyobaki.

Uganda hao hao walikuwa na Kathleen Noble kwenye kupiga makasia, Olimpiki ya Tokyo na ile ya Paris 2024. Sisi Paris tulipeleka wanamichezo saba: marathoni, kuogelea na judo. Kwenye kasia, sifuri. Medali mbili pekee za Olimpiki ambazo nchi hii inazo zilipatikana Moscow mwaka 1980, na mmoja wa waliozileta, Suleiman Nyambui, ni mtoto wa Majita, mkoani Mara, ufukweni mwa ziwa hili. Aliileta yake kwa miguu. Mikono ya watu wa ziwa hatujawahi kuijaribu.

Na kwa mabinti mlango uko wazi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mitumbwi ya wanawake, ile ya kupiga kasia upande mmoja mtu akiwa amepiga goti, iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo. Dunia nzima ilianza juzi tu kwenye mbio hizo. Hatujachelewa sana.

Ziwa si la kuchezea?

Najua jibu la wazazi wengi: ziwa si mahali pa kuchezea. Silidharau jibu hilo. Mwanza ni mji uliomzika ndugu, jirani au mwalimu wake baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996. Ukara na Ukerewe wanaikumbuka MV Nyerere ya Septemba 20, 2018, iliyoondoka na zaidi ya watu 200. Sisemi kwamba ufundi wa kasia ungezuia vyombo vile kupinduka. Vile vina majibu yake mengine, ya mzigo, idadi ya abiria na usimamizi.

Ninachosema ni kwamba kila wiki ziwa linachukua mtu mmoja mmoja ambaye hatangazwi popote: mvuvi wa dagaa, kijana wa kuvusha abiria, mtoto wa kuchota maji. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia watu kuzama, na hapa Mwanza shirika la EMEDO limekuwa likiifanya kazi hiyo kwa jamii za wavuvi. Wanaozama wengi hawafi wakicheza. Wanakufa wakifanya kazi ambayo hawakuwahi kuichezea kwanza.

Hatari nyingine pia zipo na lazima zitajwe. Kichocho kinakaa kwenye maji ya kando yenye majani na konokono, kwa hiyo sehemu ya mazoezi ichaguliwe kwa ushauri wa watu wa afya na watoto wapimwe na kupewa dawa. Mamba na viboko wana maeneo yao na wenyeji wanayajua, basi waulizwe. Bila jaketi okozi hakuna mazoezi, hata kama bingwa ndiye anayefundisha. Hakuna mtoto anayeingia peke yake. Hizo ndizo kadi nyekundu za mchezo huu na refa asizifiche mfukoni.

Lakini kumzuia mtoto wa ziwani asiguse ziwa hakumlindi. Kunachelewesha tu siku atakayolikuta bila kulijua.

Mpira uko miguuni mwa nani?

Mkoa huu hauna uhaba wa watu wa kulibeba jambo hili. Tuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, kinachozalisha walimu wa michezo. Tuna wakala wa elimu ya uvuvi, FETA, wenye kampasi Nyegezi, karibu kabisa na maji. Mmoja anajua kufundisha mchezo, mwingine anajua chombo na ziwa. Wakikaa meza moja kwa siku tatu watatoka na kitabu kidogo cha mazoezi ya kasia kwa shule za msingi.

Vikundi vya usimamizi wa uvuvi vipo kwenye mialo yetu. Kila kimoja kikitoa mzee mmoja wa kasia siku ya Jumamosi, tayari tuna makocha. UMITASHUMTA na UMISSETA zimewahi kufanyika hapa hapa Butimba, watoto wa nchi nzima wakikimbia na kupiga mpira huku ziwa likiwatazama. Mikoa ya Mwanza, Mara, Kagera na Geita inaweza kuanza na mashindano yake ya kasia ya shule, hata kama kitaifa bado hayajakubalika. Netiboli nayo ilianza kwa watu wachache kuamua.

Na wadhamini, mkirudi Mwaloni siku moja, naomba muongeze zawadi moja. Acheni ya mwenye mbio, hiyo ibaki. Wekeni na ya mtumbwi ulioingia wimbini vizuri kuliko yote, ya nahodha aliyepita madumu bila kugusa, ya timu iliyopinduka na kurudi juu kwa haraka. Tukianza kulipa ufundi, vijana watautafuta ufundi. Tukiendelea kulipa nguvu peke yake, tutaendelea kupata nguvu peke yake, na upepo wa mchana hauna habari nayo.